Sevisi Isiyogusa Linki za Nyuma Ni Nusu Sevisi

Peleka pikipiki gereji, sema unataka sevisi kamili. Oili itamwagwa na kuwekwa mpya, plagi na chujio la hewa vitasafishwa, mnyororo utakazwa, breki zitaangaliwa, na ukibahatika kebo ya klachi itapata tone la mafuta. Kwa Boxer au TVS HLX, zenye shokapu mbili kushoto na kulia, sina ugomvi mkubwa na orodha hiyo. Lakini kama unaendesha CRF250L, XR250, KLX, DR650 au nyingine yenye shokapu moja katikati na linki chini yake, umelipia nusu ya kazi.

Linki ni vile vipande vya chuma au alumini vinavyounganisha swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma), fremu na shokapu. Inama mbele ya tairi la nyuma utaviona, au utaona donge la tope lililovifunika. Kawasaki waliuita mfumo wao Uni-Trak, Honda wakauita Pro-Link, Suzuki wakauita Full Floater. Ulianzia kwenye motokrosi na kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi yake ni kubadilisha uwiano kati ya safari ya tairi na ya shokapu kadiri tairi linavyopanda, ili pikipiki iwe laini kwenye vijimawe na iwe ngumu inapotua kwenye shimo. Ukishapita barabara ya vumbi yenye matuta madogomadogo yasiyoisha, hutauliza tena kwa nini walijisumbua.

Gharama yake ni beringi. Kwenye viungo vya linki kuna beringi za sindano, yaani vijiti vyembamba vya chuma vilivyopangwa kuzunguka bushi, yaani bomba fupi la chuma. Tairi husafiri takriban mara mbili hadi tatu ya safari ya shokapu, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye shokapu kupitia linki huzidi ile inayogonga tairi kwa takriban kiasi hichohicho. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: beringi ya tairi huzunguka, inajisambazia grisi yenyewe, lakini beringi ya linki huyumba nyuzi chache tu, mbele na nyuma. Sindano hukanyaga palepale mwaka mzima, kama kinu kinachotwangwa upande mmoja. Grisi ikisukumwa pembeni hairudi. Maji yakipenya kwenye sili, ule mpira wa kuzuia uchafu, hukaa. Na hapo ni mahali pa chini kwenye pikipiki, panapopigwa na kila kitu linachorusha gurudumu la mbele.

Muuaji mkubwa kuliko tope, kwa maoni yangu, ni mashine ya kuoshea ya presha. Kijana wa kuosha anataka uone pikipiki inang'aa, kwa hiyo anaisogeza bomba karibu kabisa na linki mpaka udongo utoke. Udongo unatoka, maji yanaingia. Mwambie aoshe kwa ndoo na brashi sehemu ile, hata akikunja uso. Wanaopita ufukweni Kigamboni au Bagamoyo wana chumvi pia ya kuhesabu.

Kwa nini basi mafundi wetu hawaigusi? Si kwamba hawajui. Fundi mzuri anaijua kazi hii vizuri sana. Tatizo ni sisi wateja, tumezoea kulipia kitu kilichobadilishwa. Kufungua linki zote, kuosha, kupaka grisi na kurudisha kunakula nusu siku ya fundi, na mwisho wake hakuna kipuri kipya cha kukuonyesha. Mteja anauliza, "Sasa umebadilisha nini?" kisha anaanza kuvuta bei chini. Fundi mwenye familia atachagua kubadilisha plagi. Mimi nasema patana bei ya kazi hiyo peke yake, kabla hajashika spana, na uilipe yote hata kama kila beringi imekutwa nzima. Hasa kama imekutwa nzima.

Kipimo chake unaweza kukifanya mwenyewe. Inua pikipiki tairi la nyuma lining'inie, na iegemee fremu, siyo swingamu. Kreti imara au jeki chini ya fremu inatosha. Shika mwisho wa swingamu, nyanyua taratibu. Ukisikia "tk" kabla shokapu haijaanza kukaza, kuna uwazi kwenye linki au kwenye bolti za shokapu. Sukuma pia kushoto na kulia; mchezo wa huko ni wa shafti ya swingamu. Ila kimya si cheti cha uzima: beringi iliyoshikwa na kutu haina mchezo wowote, imeganda tu. Ndiyo maana mara moja kwa mwaka, masika ikishapita, mimi hutaka ifunguliwe bila kusubiri sauti.

Wakati wa kufungua, bolti iliyoganda ipewe mafuta ya kulainisha kutu na usiku mzima, na nati irudishwe mizunguko michache kabla ya nyundo ili ncha isipondwe. Tandika kitambaa cheupe chini, kwa sababu baadhi ya beringi hizi hazina keji ya kushikilia sindano, na sindano zake hudondoka moja baada ya nyingine. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha tazama bushi kwenye mwanga: ikiwa na mistari inayokwaruza ukucha, badilisha bushi na beringi pamoja. Kuweka beringi mpya juu ya bushi iliyoliwa ni kununua usumbufu.

Grisi iwe inayostahimili maji. Vitabu vingi vya Honda hutaka yenye molibdenamu hapo. Grisi nzuri ya lithiamu bado ni bora mara mia kuliko kutu. Jaza kati ya sindano kwa kidole, paka midomo ya sili, paka kidogo mwili wa bolti lakini siyo nyuzi zake za kukazia nati, kisha kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu. Baadhi ya pikipiki za miaka ya 1980 zilikuja na nipeli za kusukumia grisi kwenye linki. Zinasaidia, ingawa grisi mpya hupita njia rahisi na kuacha uchafu wa zamani kwenye kona.

KTM walikimbia habari yote hii kwa mfumo wa PDS, shokapu iliyofungwa moja kwa moja kwenye swingamu, kisha wakarudisha linki kwenye pikipiki zao za motokrosi. Nadhani hilo linajibu wanaosema linki ni pambo.

Na wenye shokapu zenye bushi za mpira, tafadhali msizipake grisi. Mpira huvimba na kulainika, na fundi atawauzia mpya kwa haki kabisa.