Mjane wa Uru hakudukuliwa na mtu

Juzi nilikuwa kwenye semina ya simu na utetezi wa haki, hapa Moshi. Ukumbi wa hoteli, sambusa mbilimbili, bango jipya. Mtoa mada akasema simu ni silaha ya mnyonge, watu wakapiga makofi. Mimi nikamkumbuka mama mmoja wa Uru, huko mlimani.

Mumewe hajatimiza mwaka kaburini, mashemeji wanamwambia afungashe, kihamba, shamba la nyumbani, ni cha ukoo. Masale, mimea inayoonyesha mpaka, wameshayang'oa. Msaidizi wa kisheria, kijana mwenye moyo mzuri kabisa, akapiga picha yale masale, kisha akamrekodi mama dakika mbili kibarazani: analia, mlango wa bluu nyuma yake, mtoto wa mwisho anakatiza na ndoo. Akavirusha kwenye grupu la WhatsApp ili wenzake washauri. Kufika jioni video ina vile vimishale viwili vya kusambazwa mno, na shemeji mtu anaitazama kilabuni, kata ya mbege mkononi. Usiku akaja kuugonga ule mlango wa bluu. Mama alilala kwa jirani wiki mbili.

Kwenye semina tulitishwa saa nzima na Pegasus, ile programu ya kudukua simu. Pegasus! Kana kwamba kuna mtu atamwaga dola zake kumpeleleza mjane wa Uru. Sisi ndio tuliomchoma, kwa kidole gumba.

Ushahidi wenyewe je? Picha ukiirusha WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na taarifa zake za ndani, saa na mahali ilipopigwa, zinavuliwa. Kwa hiyo masale yale sasa yanaweza kuwa ya Uru, Marangu au popote, mwaka wowote. Alichokihitaji wakili kimepotea. Sura ya mama na mlango wake vimebaki, vinang'aa. Ungeituma kama faili ingefika nzima, ila hilo halikusemwa, muda wa chakula ulikuwa umefika.

Haya, nikubali. Juni 2022, polisi walipokabiliana na Wamaasai wa Loliondo kwenye mgogoro wa ardhi, bila simu majeraha yao tungeyaona wapi? Na mama wa mlimani akipiga simu kuomba ushauri ameokoa nauli ya kushuka mjini. Nimekubali, shingo upande.

Mtaniambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na ridhaa imo. Ridhaa ya yule mama ilikuwa hivi:

"Mama, naomba nikurekodi kidogo."

"Haya, baba."

Haya, baba! Mtu kakuletea matumaini hadi kibarazani, utamkatalia? Hakuambiwa grupu lina watu wangapi. Hakuambiwa kwamba mmoja wao kaoa kwenye ukoo uleule. Wala hakuulizwa kama angetaka tuonyeshwe mikono yake tu, au sauti peke yake, jambo ambalo simu ile ile ya kijana ingelifanya bila gharama.

Nilinyoosha mkono nikalisema hili. Mtoa mada akaniitikia kwa kichwa, akaandika ubaoni kwa kalamu ya kijani: CHANGAMOTO.

Mwisho tukapangwa ngazini kwa picha ya pamoja. Kulikuwa na mwanamke aliyekuja na kesi yake mwenyewe, ya kipigo cha nyumbani. Akawa anajisogeza nyuma ya mabega ya watu.

"Dada wa kitenge, njoo katikati, hatukuoni!"

Akaja katikati. Sijafika stendi, picha ilikuwa imeshaingia kwenye grupu.