Njia ya wilchea sawa, na wasioona je?

Habari inasema jumba la sanaa limejengewa njia ya wilchea na mwandishi anashangilia kama vile kazi imeisha, haya hongera, ila jamani ulemavu si miguu peke yake. Mamangu haoni toka 2011, mwaka juzi nikampeleka jumba moja la sanaa (jina silitaji), lifti ipo, choo kipana, safi kabisa, ile ananyoosha tu mkono kwenye kinyago cha mpingo mlinzi huyo, "mama usiguse!" Sasa aone na nini kama si vidole?? Ikabidi mi namsomea vibandiko, navyo maandishi kiduchu mpaka mimi mwenye macho nainama.

Na wenzetu wameweza. Jumba la sanaa la Prado kule Madrid, Hispania, 2015 walitoa nakala za picha ambazo michoro yake imetuna juu, ikiwemo ya Mona Lisa, watu wakazipapasa. Ancona, Italia, kuna jumba la sanaa linaitwa Museo Omero, imeanzishwa na mtu na mkewe wote hawaoni, mle ndani kugusa ndo utaratibu wenyewe. Halafu viti wekeni basi, mama kazunguka saa nzima pa kukaa hakuna, mwisho kakaa kwenye ngazi akafukuzwa napo.