Usiilaumu fomati, angalia msako

"Kaka, hii ASTC inatuchelewesha. Turudi ETC2 tu." Kijana ninayetengeneza naye mchezo wa simu aliniambia hivyo wiki iliyopita, nikashindwa kunyamaza. ASTC na ETC2 ni fomati za kubana picha za michezo ili zichukue nafasi ndogo. Nikamwomba anioneshe amri aliyoiandikia programu ya kubana. Mwisho wa mstari kulikuwa na neno -exhaustive. Yaani kila picha ilibanwa kwa ngazi ya juu kabisa ya msako, hata kitufe ambacho kesho kitachorwa upya.

Lawama hii naisikia mara nyingi, nami naona inamwendea asiyehusika. Fomati za aina hii zinaeleza kitu kimoja tu: namna ya kufungua. Kufunga, yaani kusaka namna bora ya kuibana picha, ni juu ya programu yako, na muda unaliwa huko.

Tuanze na ya zamani, DXT1. Picha inakatwa vipande vya pikseli 4 kwa 4. Kila kipande kinapewa biti 64: rangi mbili za biti 16, kisha biti 2 kwa kila pikseli, zinazosema ichukue rangi ipi kati ya nne: zile mbili zenyewe na nyingine mbili zilizo kati yake. Basi. Kazi yote ni kuzipata hizo rangi mbili. Ukitaka haraka, tazama thamani ndogo na kubwa kabisa za rangi ndani ya kipande, uzichukue hizo. Mwaka 2006, J.M.P. van Waveren wa kampuni ya michezo ya id Software alionesha kwamba kwa njia hiyo picha zinabanwa mchezo ukiwa unaendelea. Ukitaka ubora, jaribu jozi nyingine nyingi, upime kosa la kila moja. Mwishowe biti ni zilezile 64, na GPU, yaani chipu ya michoro, inazifungua kwa kasi ileile.

BC7, fomati iliyokuja baadaye, imeongeza machaguo: namna 8 za kupanga biti, na baadhi zinagawa kipande katika maeneo mawili au matatu kwa maumbo hadi 64. ASTC imekwenda mbali zaidi. Sasa piga hesabu: picha ya 2048 kwa 2048 ina vipande 262,144 vya 4 kwa 4. Jaribio moja la ziada linarudiwa mara zote hizo. Nafuu ni kwamba hakuna kipande kinachomsubiri mwenzake, kwa hiyo koa zote za prosesa (cores, sehemu zake zinazofanya kazi sambamba) zinagawana kazi. Anayebana kwa koa moja leo anajitesa bure.

Msimamo wangu: mchana wa kazi tumia ngazi ya haraka, -fast, siku ya kutoa toleo tumia ile ya kina, -thorough, na picha isiyobadilika isibanwe tena. Kadiri unavyopanda ngazi, muda unarefuka sana na ubora unaongezeka kidogo kidogo.

Kijana alinipinga kwa picha ya anga la machweo la skrini ya kwanza ya mchezo. Lilikuwa na miraba inayoonekana hata kwa mbali, ndiyo maana alipandisha ngazi. Tukalikuza. Alikuwa ametumia vipande vya 8 kwa 8. Katika ASTC kila kipande ni biti 128, kiwe kikubwa au kidogo, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa imebakiwa na biti 2. Hapo hata ukisaka usiku kucha hupati kitu. Tukashuka hadi 5 kwa 5, ngazi ya -medium, na kabla hajamaliza kunieleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa faili, anga lilikuwa tayari, limetulia kutoka chungwa hadi zambarau bila mraba hata mmoja.