Crichton Ni Msamoa, Mtake Msitake

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, nikafanya kosa la kumpa jamaa wa kiti cha pili simu yangu atazame mwisho wa ile nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya watu 13, Samoa na Uingereza, Novemba 2022. Akatazama, akanirudishia. "Wasamoa wapi hao, kaka? Hao ni Waaustralia waliokosa namba, wakakimbilia kisiwa cha babu yao."

Kinyozi akacheka. Mimi nimefungwa kitambaa shingoni, wembe uko sikioni, nitagombana vipi? Basi nagombana hapa.

Tuanze na huyo "aliyekosa namba". Stephen Crichton, mmoja wa Wasamoa hao, alizaliwa Apia, mji mkuu wa Samoa, mwaka 2000, akakulia Mount Druitt, magharibi mwa Sydney. Mwaka 2021, kwenye fainali ya NRL, ligi kuu ya raga hiyo huko Australia, alinasa pasi ya wapinzani South Sydney, akaenda kufunga trai, yaani kuutua mpira nyuma ya mstari wao, na klabu yake Penrith wakatwaa ubingwa 14-12. Mwaka 2022 akabeba tena, na katikati ya msimu akavaa jezi ya New South Wales kwenye State of Origin, mechi za jimbo hilo na Queensland ambazo Waaustralia wanazifungia maduka. Wenzake wa Penrith, Jarome Luai na Brian To'o, nao walikuwa kwenye jezi hiyo hiyo. Ikiwa huko ndiko kukosa namba, basi na mimi naomba nikose.

Wakaichagua Samoa, ambako posho haikaribii kabisa ile ya Australia. Na wakapokelewaje? Mechi ya kwanza, pale Newcastle, Uingereza iliwachapa 60-6. Sitini! Wachekaji wakapata chakula cha wiki nzima.

Wiki nne baadaye wakakutana tena na Uingereza hiyo hiyo, uwanja wa Emirates, London. Crichton akanasa pasi ya Waingereza, mchezo wake ule ule, akakimbia nayo hadi kwenye trai. Waingereza wakasawazisha, 26-26. Muda wa nyongeza, atakayetangulia kupata pointi ndiye mshindi. Crichton ni senta, kazi yake ni kukimbia na kukaba, si kupiga mateke ya namna ile. Lakini mpira ukamfikia yeye. Akaudondosha, ukagusa nyasi, akaupiga ukiwa ndiyo kwanza unainuka. Kwa sekunde moja kamera haikujua pa kuangalia. Ukapita katikati ya nguzo. Pointi moja. 27-26. Apia kulikuwa bado hakujakucha na watu wakamwagika barabarani na bendera.

Hakuna taifa la visiwa vya Pasifiki lililowahi kufika fainali hiyo kabla yao. Fainali yenyewe Australia iliwafunga 30-10, sawa, tumeona, msinikumbushe.

Sasa hili ndilo linalonichemsha damu. Roger Tuivasa-Sheck naye mzaliwa wa Apia, aliichezea New Zealand, na sijasikia mtu akiuliza "Mnew Zealand wapi huyo?" Josh Papali'i, damu ya Samoa, mzaliwa wa Auckland, aliichezea Australia miaka na miaka, kimya. Petero Civoniceva alizaliwa Suva, Fiji, akawa nguzo ya Australia. Kimya, tena na makofi. Mtoto wa kisiwani akielekea kwa wakubwa ni kipaji kimepata nafasi. Akigeuka kurudi kwa bibi yake, ghafla kila mtu ni afisa uhamiaji.

Mjomba wangu yuko Muscat mwaka wa kumi na tisa huu. Watoto wake Kiarabu chao ni kizuri kuliko Kiswahili chao. Msiba ukitokea, anayeandikwa wa kwanza kwenye daftari la mchango ni yeye, na hakuna mzee aliyewahi kusema tumwache, huyo sasa ni Mwomani. Samoa ina watu kama 200,000 tu, na walio nje ni wengi kuliko walio nyumbani. Hela wanazotuma ndizo zinazosomesha, zinazoezeka, zinazozika. Ikiwa hela ya mtoto wa Mount Druitt ni ya Kisamoa, kwa nini miguu yake isiwe?

Nakubali, shingo upande, kwamba kanuni zenyewe zimelegea mno. Mtu leo yuko Samoa, mwaka wa pili Australia, na siwezi kukutetea ukigeuka kila upepo. Nakubali pia kwamba wengi wa kikosi kile walizaliwa nje ya Samoa. Lakini Jason Taumalolo, mwenye damu ya Tonga, alipoiacha New Zealand mwaka 2017 akaenda Tonga, aliitwa msaliti, kisha Tonga wakaifunga New Zealand 28-22, na ghafla raga ya kimataifa ikawa tamu. Hilo nalo tulisahau?

Crichton mwenyewe hana muda na haya. Mwaka 2024 alihamia Bulldogs, timu iliyokuwa karibu na mkia wa NRL, akapewa unahodha, na msimu huo huo wakarudi kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2016.

Yule jamaa wa kiti cha pili, kwa taarifa yenu, aliniomba simu tena. Akarudisha lile teke mara tatu, kinyozi naye kainama juu ya bega lake na mashine ikiwa mkononi. Ndiyo maana upande wangu wa kushoto umekaa hivi.