Mkweche wako hauna haraka ya Disemba

Ikifika wiki ya pili ya Disemba, simu huanza. Mimi naishi Houston, Texas, Marekani, na kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kuwasaidia Watanzania wenzangu kujaza fomu za kodi, kazi ambayo ujira wake ni pilau na lawama. Swali la Disemba ni lilelile: "Kaka, ile Corolla imelala nje tangu Machi. Redioni wanasema ukiwapa watu wa hisani unapunguziwa kodi. Niwahi kabla mwaka haujaisha?"

Jibu langu huwaudhi. Karibu kila anayenipigia, kama anatoa kwa ajili ya kodi, hatapata hata senti.

Serikali ya Marekani inakupa njia mbili za kupunguza kipato kinachotozwa kodi. Ama unachukua makato ya kawaida, ambayo kwa mwaka wa kodi 2025 ni dola 15,750 kwa mtu asiye na mwenzi na dola 31,500 kwa mke na mume wanaojaza pamoja. Ama unaorodhesha makato yako moja moja: riba ya mkopo wa nyumba, kodi ya majengo, sadaka na kadhalika. Gari ulilotoa linahesabika katika hiyo njia ya pili tu. Sasa mtu amepanga apatimenti ya chumba kimoja, hana mkopo wa nyumba, mkweche wake utamfikishaje kwenye 15,750? Tangu sheria ya 2017 iliyoyapandisha makato ya kawaida karibu mara mbili, takriban watu tisa kati ya kumi nchini humo hawaorodheshi chochote. Tangazo la redio halina nafasi ya habari hiyo.

Najua nitaambiwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sawa. Lakini tangazo halikutaja moyo. Lilitaja kodi.

Hata wale wanaoorodhesha hupigwa na butwaa. Dada mmoja, muuguzi, ana nyumba na hutoa fungu la kumi bila kuruka mwezi. Alishaangalia mtandaoni akaona gari la aina yake linathaminiwa dola 3,200, akaja na hesabu hiyo kichwani. Gari likapigwa mnada kwa dola 900. Anachoruhusiwa kuandika ni 900. Na hiyo 900 si pesa atakayotumiwa. Inapunguza tu kipato kinachotozwa kodi. Kwa ngazi yake ya kodi ya asilimia 22, faida yote ni dola 198. "Yaani dola mia mbili hazifiki?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyezila.

Masharti haya yana sababu. Zamani mtu alikuwa akiandika bei ya kitabuni, ile ya orodha ya thamani za magari, hata kama gari lilivutwa kwa mnyororo. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa hisani. Kwa theluthi mbili yake, shirika liliambulia asilimia 5 au chini ya hapo ya thamani ambayo mtoaji alijiandikia kwenye fomu. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria, na kuanzia 2005 ukitaka kudai zaidi ya dola 500, kipimo chako ni bei ya mnada. Likiuzwa chini ya 500, unaweza kudai thamani yake halisi sokoni, ila usivuke 500.

Kinachonikera zaidi ni safari ya gari lenyewe. Mashirika mengi hayana yadi wala fundi. Yanaiachia kampuni ya kati: inalipia tangazo, inatuma gari la kuvuta, inapeleka mnadani, inakata chake, kisha ndipo shirika linapewa kilichobaki. Ukiuza mwenyewe kwa fundi wa mtaani ukaipeleka pesa mkononi kwa shirika, wale wa katikati hawaoni kitu. Na gari lako la kutembelea ukiliuza chini ya bei uliyonunulia, hudaiwi kodi.

Na kuna jambo jipya. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, hata asiyeorodhesha makato anaruhusiwa kukata sadaka hadi dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa, mradi iwe pesa na si vitu. Kwa hiyo yule wa Corolla, kama angeitoa Disemba 2025, angepata sifuri. Akiiuza kuanzia Januari 2026 kwa 900 na kuichangia yote hisani, anakata 900. Kwa mtu wa ngazi ya kodi ya asilimia 12 hiyo ni dola 108. Ndiyo maana Disemba ile nilisema mkweche ulale pale ulipo wiki chache zaidi.

Kuna aina moja ya utoaji wa gari ninayoitetea: shirika linalolitengeneza gari na kumpa mhitaji, au kumuuzia kwa bei ya chini kabisa. Hapo sheria yenyewe inalegea, na anayeorodhesha anaweza kudai thamani halisi ya sokoni. Kuosha na kupiga rangi hakuhesabiki kuwa matengenezo. Ila ukimkabidhi mtu funguo moja kwa moja, awe binamu au jirani, hiyo ni zawadi, na kwenye kodi haina nafasi.

Vyovyote utakavyoamua, ng'oa namba za gari na upeleke taarifa ya kuhamisha umiliki kwa idara ya magari. Hapa Texas una siku 30. Gari langu la kwanza nililitoa kwa kusaini kadi na kuacha sehemu ya mpokeaji wazi, kwa sababu dereva wa gari la kuvuta alisema "wataijaza ofisini". Nilipokea bili za barabara za kulipia kwa miezi miwili. Mtu alikuwa anakula raha na namba zangu.

La pili, Camry, nilipitisha kwa watu wa kanisa moja wanaopokea Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Walibadilisha breki na betri, wakalikabidhi kwa baba mwenye watoto watano anayefanya zamu ya usiku ghalani, mahali ambapo basi halifiki saa hizo. Alinishukuru kwa Kiswahili cha Kivu, nami nikamwonyesha jinsi ya kulibembeleza likiwa na baridi. Kanisa lilinitumia Fomu 1098-C, ile ya kuthibitisha gari lililotolewa hisani ili mtoaji adai makato, safi kabisa, imejazwa kila kisanduku. Iko kwenye droo. Mimi mwenyewe siorodheshi makato.