Yicib unahitaji uzio kabla ya kitalu

Kila ukame unapoikumba Pembe ya Afrika, wafugaji huahidiwa mti mpya kutoka nje. Wakati huohuo yicib, kichaka cha asili cha Ogaden, mashariki mwa Ethiopia, na Somalia ya kati, kinazidi kupungua. Kimo katika orodha ya kimataifa ya mimea iliyo hatarini, na kwa maoni yangu fedha za miche zingeanzia hapo.

Yicib huota kwenye mchanga mwekundu usiotuamisha maji, penye mvua ya milimita 250 hadi 400 kwa mwaka. Majani hayapukutiki hata kiangazi, ndiyo maana ngamia na mbuzi huyakimbilia. Yana vitone vyekundu. Yasugue, vidole vitabaki na rangi. Mbuzi akiyala kwa muda mrefu, hata mifupa yake huingia rangi. Kuni zake ni ngumu na huwaka vizuri.

Ila thamani yake kubwa ni kokwa. Ganda huwa na moja au mbili, pengine hadi nne. Huliwa mbichi, hukaangwa au huchemshwa, na yale maji ya kuchemshia hunywewa kwa utamu wake. Zaidi ya nusu ya kokwa ni wanga na sukari, na ina protini na mafuta pia. Mtu hushiba.

Utamu huo ndio unaoiponza. Kokwa huchumwa zote, na chipukizi chache zinazoponyoka huliwa na mifugo. Ukipita ukaona vichaka vikubwa tu bila vidogo pembeni, jua eneo hilo linakufa.

Wanaojaribu kupanda nao hukosea mapema. Kokwa za sokoni mara nyingi zimeshakaangwa au kuchemshwa ili fukusi wasizitoboe, kwa hiyo haziwezi kuota. Chukua mbichi kichakani na uzipande upesi, maana uhai wake ni wa miezi michache tu. Usizimwagie maji ya moto kama mbegu za migunga. Gamba lake ni jembamba.

Kisha kuna mzizi. Huo hutangulia kushuka, majani yakiwa bado mawili matatu. Kwenye kiriba kifupi, yaani mfuko wa kuoteshea miche, hujikunja chini au hukatika wakati wa kuhamisha, na mche uliokuwa kijani kibichi hunyauka. Ni bora kupanda palepale mvua zinapoanza, mbegu mbili kila shimo, zifukiwe kidogo tu. Zungushia matawi ya miiba na uyaache miaka kadhaa. Juu mmea utaonekana umedumaa. Usiung'oe, kazi inaendelea chini.

Kenya imewahi kuujaribu upande wa Voi, na Mandera na Wajir zina ukame wa namna hiyohiyo. Lakini mbegu zitatoka wapi vichaka vya asili vikiisha? Wazee wa malisho wakubaliane kila msimu ni vichaka vipi visichumwe, vizungushiwe miiba, na kokwa zake ziachwe zianguke zenyewe.