Kyoto Nzima, Halafu Unaniwekea Tatami ya Stika

Jamani, mtu anafungua duka la chai Kyoto, mji wa Japani uliojaa mafundi wa mbao, karatasi na chokaa, halafu sakafuni anabandika plastiki yenye picha ya tatami, ule mkeka mnene wa sakafuni wa Kijapani! Nimeingia humo Jumamosi. Kaduka kembamba, pazuri kabisa kwa kazi hiyo. Kona moja ya hiyo "tatami" imeshabanduka, saruji inachungulia. Juu yananing'inia maua ya mcheri ya plastiki, maua ya majira ya kuchipua, na huu ni mwezi wa Novemba.

Chai ilikuwa tamu, hilo sikatai.

Ninachogombana nacho ni dhana kwamba vifaa vya Kijapani ni urembo wa kupigia picha. Tatami ni kitu cha kazi. Ile ya asili, ndani ni mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa na kushonwa; juu umefumwa mkeka wa nyasi za igusa, ambazo zile za Japani kwenyewe nyingi hulimwa Kumamoto. Harufu yake inakupokea kabla mwenye duka hajakukaribisha. Uso ukichakaa hautupwi: fundi anaufungua, anaugeuza, upande wa chini unakuwa juu. Ukichakaa na huo, anaweka uso mwingine, kiini kinabaki kilekile. Stika ikichakaa utafanyaje, utaigeuza?

Milango ya shoji, ile ya fremu ya mbao na karatasi, nayo ni hivyohivyo. Karatasi ikichanika unaibandua, unaweka mpya, fremu haiguswi. Kuta za shikkui ni chokaa, nyuzi za katani na gundi ya mwani. Watu wa Lamu hapo hamhitaji somo.

Najua mtaniambia tatami haikanyagwi na viatu. Kweli. Basi jenga kibaraza kidogo cha kukalia, tatami ikae hapo, kwingine acha saruji yako wazi. Na sawa, karatasi ya shoji yenye plastiki inastahimili vidole vya watoto. Haya, nimekubali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba waliopatia ni Starbucks. Ndiyo, Starbucks! Tawi lao la Ninenzaka, hapohapo Kyoto, lilifunguliwa 2017 ndani ya nyumba ya mbao yenye zaidi ya miaka 100. Mlangoni pazia la noren, ghorofani unavua viatu unakaa kwenye tatami. Wauza kahawa wa Marekani!

Msiniambie pesa. Chumba cha chai cha Taian, kinachohusishwa na Sen no Rikyū, bingwa wa chai wa karne ya 16, ni ukubwa wa tatami 2 tu na kuta za udongo, na leo ni hazina ya taifa. Mwenye duka dogo aanze na benchi moja la mbao ya hinoki, mti wa Kijapani, lisilopakwa vanishi, noren ya katani mlangoni, na taa iliyofunikwa washi, karatasi ya Kijapani. Ukuta wa chokaa utasubiri mauzo ya mwakani.